Bango la Uchovu na Skrepa Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kaka yangu, nimeikunja chini mara tatu na kiunoni nimeibana kwa kamba ya katani. Mfukoni nilikuwa na kalamu mbili. Moja ilikuwa na wino. Nyingine haikuwa na kitu, ilikuwa ya kuonekana tu. Shule nimeishia darasa la sita na nusu. Watu huniuliza hiyo nusu ndiyo nini. Nusu ni muhula mmoja wa la saba, halafu baba akaugua mgongo, na ng'ombe hawakukubali kusubiri mpaka nimalize mtihani.

Nchi ilikuwa changa wakati huo, hata bendera bado zilikuwa na rangi za dukani. Ofisi ya afya ya mkoa, hapa Tabora, ilikuwa inatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shuleni, pamoja na upele. Basi nikaenda. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa baraza, kinanuka wino na karatasi, na ndani alikaa Afisa Elimu ya Afya, mzee mrefu, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mwandiko?"

"Ndiyo mzee. Na kuchora pia najua."

"Vizuri. Shika hii."

Akanipa skrepa, kile kibati kipana chenye mpini ambacho mafundi rangi hukwangulia rangi ya zamani. Nikaitazama. Nikatazama kalamu zangu mbili. Nikajua nimeletwa kupaka rangi vyoo.

"Kuandika utaandika baadaye," akasema. "Kwanza ujue kutoa. Bango la afya ni kama maziwa, bwana mdogo. Jana yalikuwa mazuri, lakini leo usimpe mtu bila kunusa."

Nikamwitikia ndiyo mzee, huku sijaelewa hata nusu. Ilinichukua miaka na mbuzi kadhaa kuelewa.

Sasa ninyi wa siku hizi mnaopokea habari zote mfukoni, acha niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Tulikuwa tunaandika mabango ya kubandika kwenye baraza za zahanati, pale wagonjwa wanapokaa kungoja zamu. Bango moja la malaria, moja la kuchemsha maji, moja la kichocho, na kadhalika. Afisa anaandika maneno. Mganga Mkuu wa Mkoa, ambaye ndiye bosi wa wote, anayasoma, anakata, anatia sahihi. Kisha mimi nachora na kuandika kwenye stensili, ile karatasi laini yenye nta unayoichubua kwa kalamu ya chuma, wino upite pale ulipochubua. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu, unapuliza ikauke, unaandika upya. Halafu unaifunga kwenye mashine ya kurudufu unaizungusha kwa mkono mpaka bega linalia.

Lakini kabla ya stensili kulikuwa na kitu tulichokiita kusomea. Unachukua maneno ya bango, unaenda kwa mtu asiyejua kusoma, unamsomea mara moja, halafu unamwambia naye akueleze. Akieleza vingine, kosa ni lako, siyo lake. Wa kwetu alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa Gongoni, muuza vitumbua, ambaye aliwahi kuturudisha ofisini mara nne kwa bango moja la minyoo. "Mnasema kwa marefu kama mnamuogopa huyo mnyoo," alituambia.

Na kulikuwa na daftari la kuta. Hilo ndilo Afisa alilipenda kuliko chakula. Kila zahanati ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukuta mstari wake: bango gani lipo, limebandikwa lini, limetolewa lini. Sheria ilikuwa moja. Maarifa yakibadilika, toa la zamani kwanza, ndipo ubandike jipya, na mabaki ya la zamani uyalete ofisini kwenye mfuko ayaone kwa macho yake.

Kwa hiyo nilitembea. Kwa baiskeli, kwa malori ya tumbaku na pamba, kwa garimoshi, nikafuata ile njia ya zamani ya misafara upande wa mashariki na upande wa magharibi, kisha nikapanda kaskazini mpaka Puge na Nzega. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, alibeba pembe kichwani kutoka huku mpaka pwani. Mimi nilibeba karatasi, tena kwa baiskeli, na bado nililalamika zaidi yake. Vijijini waliniita Bwana Karatasi. Wengine walidhani ndiyo jina la ukoo.

Sasa nije kwenye bango lenyewe.

Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeshaanza, watu wamehamia pamoja, kuna shamba la kijiji na kila mtu mzima ana zamu yake. Zahanati zikaanza kutuletea maswali: kuna watu wanachoka, tufanyeje? Mganga Mkuu akaagiza bango la uchovu. Afisa akaandika vizuri kabisa. Mtu akichoka kwa wiki nyingi aje apimwe malaria, safura, kichocho, kifua kikuu, na kwetu huku kwenye misitu ya mbung'o, malale pia. Mganga Mkuu akatia sahihi. Bibi wa Gongoni akalieleza mara moja bila kosa.

Mimi nikalipeleka kwenye stensili. Na nilipomaliza, chini ikabaki nafasi. Kiganja kizima, kitupu.

Mchoraji hapendi nafasi tupu. Mtu mwenye mdomo kama wangu ndiyo kabisa. Nikachora jembe zuri, na chini yake nikaandika maneno yaliyonijia pale pale, kwa herufi kubwa:

UKIPIMWA HUNA KITU, SHIKA JEMBE UTAPONA.

Sikumwonyesha Afisa. Sahihi si ilikuwa imeshatiwa? Nilijiambia ni mapambo tu. Nikazungusha mashine. Na kwa sababu nililipenda sana bango hilo, nilikwenda duka la Mhindi mmoja mjini nikamwomba gundi kali. Akanipa gundi ya seremala, ile ya kuchemsha.

"Hii ukibandika," aliniambia, "utahama wewe, karatasi itabaki."

Kumbe alikuwa anatabiri.

Lile bango likapendwa, bwana! Hakuna aliyekumbuka safura wala malale. Wote walikumbuka jembe. Watoto waliliimba wakienda kuchota maji. Wenyeviti wa vijiji walinipigia makofi. Hata Afisa alipoliona kwenye ukuta mara ya kwanza alisimama, akalisoma mara mbili, akaniuliza, "Huu mstari wa chini Mganga Mkuu aliuona?" Nikamjibu, "Mzee, watu wameupenda sana." Akanitazama juu ya miwani. Hakuniuliza tena siku hiyo, kwa sababu lori lilikuwa linaondoka. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, lakini lile lori silishukuru.

Baada ya mavuno mawili hivi nikafika kwenye kijiji kimoja upande wa Puge. Sitakitaja, maana wajukuu wa watu bado wanaishi pale. Nimekaa barazani kwa dresa, ndivyo tulivyomwita mhudumu wa zahanati, akaja mwanamke amejifunga kanga mbili, anatembea kama mtu anayevuka mto. Alikuwa mama wa mapacha, jina lake Mama Kulwa. Dresa akanikonyeza.

"Huyu ndiye mwenye bango lako."

"Bango langu lina wenyewe?"

"Nimempima kila kilichoandikwa. Nimempeleka mpaka hospitali ya wilaya. Hana malaria, hana safura, hana chochote. Mwaka juzi aliugua homa kali wiki mbili. Homa ikaondoka, nguvu haikurudi."

Mama Kulwa akakaa chini kabla hajatusalimia. Hiyo peke yake kwa mwanamke wa Kinyamwezi ni ugonjwa.

"Mwangaluka," akanisalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka mama. Hujambo?"

"Sijui kama sijambo. Bwana Karatasi, nisomee lile pale. Wote wananisomea, lakini nasikia wewe ndiye mwenyewe."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye jembe nikasoma haraka haraka.

"Ndiyo hilo," akasema. "Mwenyekiti ananisomea hilo. Mama mkwe ananisomea hilo. Nikishika jembe siku moja, nalala siku tatu, watoto wanashinda na njaa. Sasa ndugu za mume wangu wamesema, mkutano wa kijiji ukikaa na kuniita mvivu, nirudi kwetu Nzega. Kulwa na Doto wabaki." Akanitazama usoni. "Imeandikwa nikishika jembe nitapona. Nimeshika. Mbona siponi?"

Nikafunga mfuko wangu wa karatasi kabla ya wakati.

Nilirudi Tabora nikaenda moja kwa moja kwa Afisa, nikamweleza yote, mpaka nafasi ya kiganja. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akanipeleka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa.

Mganga Mkuu alikuwa mtu mfupi, mwepesi wa hasira, lakini siku hiyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu hawa wapo," akasema. "Kwenye vitabu vyetu wapo. Wanaugua homa, homa inakwenda, uchovu unabaki miezi, hata miaka. Wanalala wanaamka wamechoka vilevile. Wakijilazimisha kazi, wanazidi. Jina lenyewe la ugonjwa madaktari bado wanagombania."

"Na dawa yake, mkuu?" nikauliza.

"Ya kumponya hatuna."

"Sasa kwenye bango tutaandika nini?"

"Tutaandika hivyo hivyo. Tunachokijua na tusichokijua. Wewe unaona aibu kuandika hatujui? Mimi nasema hatujui kila siku, na nimesoma miaka yote hii. Kutojua hakutupi ruhusa ya kumtukana mgonjwa."

Tukaandika bango jipya. Nalikumbuka neno kwa neno mpaka leo: Apimwe kwanza. Akionekana hana kitu, usimwite mvivu. Bado hatujui sababu, na hatuna dawa ya kumponya. Apumzike kabla hajaishiwa, na kazi apimiwe kwa nguvu zake. Akibadilika, arudi apimwe tena. Safari hii nilijaza nafasi yote kwa maneno ya Mganga Mkuu, wala sikuchora hata jani.

"Wiki ijayo wana mkutano," Afisa akaniambia. "Nenda leo. Na unajua sheria."

"Toa la zamani kwanza, mzee."

"Na mabaki?"

"Kwenye mfuko, mzee."

Hapa ndipo panaponitia aibu zaidi, kwa hiyo nitasema haraka. Nilifika pale kijijini jua la adhuhuri linachoma. Gundi ya dukani ilikuwa imeadimika kama sabuni na viberiti, kwa hiyo nilibeba uji mzito wa muhogo kwenye kopo. Nikaanza kukwangua lile bango la zamani. Gundi ya seremala! Ilikuwa imekuwa sehemu ya ukuta. Njia yake ni kuchemsha maji, kulowesha kwa kitambaa, kungoja, kukwangua taratibu, kulowesha tena. Ni kazi ya mchana mzima. Na lori la kurudi Tabora lilikuwa linapiga honi barabarani.

Nikapaka uji, nikabandika jipya juu ya la zamani. Likakaa safi, hakuna kinachoonekana. Nikapanda lori.

Kwenye daftari la kuta nikaandika "limetolewa". Na mabaki je? Nilichukua nakala moja ya zamani iliyobaki ofisini, nikaichana vipande vipande, nikaipaka vumbi kidogo, nikaitia kwenye mfuko. Afisa akachungulia, akatikisa kichwa kuridhika. Kazi ile ya kupaka vumbi ilinichukua nusu saa, na niliifanya kwa bidii sana.

Siku kumi baadaye dereva wa lori la pamba akaleta barua ya dresa. Afisa ndiye aliyekuwa anafungua barua. Akaisoma, kisha akanisogezea mezani. Ilisema hivi:

"Ndugu Bwana Karatasi. Mbuzi wamelamba bango jipya mpaka wakalimaliza, nadhani kwa sababu ya muhogo. La zamani lipo palepale chini yake. Watu wanasema serikali imelirudisha. Mkutano umekaa. Mama Kulwa amepewa siku tatu za kulima kama majaribio, amelima mbili, ya tatu hakuinuka. Leo ni siku ya tano bado yupo kitandani. Jumamosi kuna mkutano mwingine wa kumaliza jambo lake. Njoo."

Nikaisoma mara mbili. Nilitaka kucheka kwa ajili ya mbuzi, nikashindwa.

"Yale mabaki kwenye mfuko," Afisa akasema polepole, "yalikuwa ya nani?"

"Ya nakala ya kabatini, mzee."

"Na vumbi?"

"La hapo nje, mzee."

Akafungua daftari la kuta kwenye ukurasa wa kijiji kile. Nikaanza kufikiri ng'ombe wa baba kama bado wapo.

"Mzee, nifukuze tu," nikasema.

"Nikikufukuza nitaajiri mwingine ambaye bado hajakosea. Wewe umeshakosea. Utaogopa." Akanisukumia skrepa juu ya meza. "Nenda ukatoe. Na siyo ukutani tu. Ule mstari umeingia kwenye vichwa vya watu. Huko nako ukautoe mwenyewe, kwa mdomo ule ule."

Nilifika Jumamosi asubuhi. Nilipita kwanza nyumbani kwa Mama Kulwa. Mlangoni kulikuwa na sanduku la bati limefungwa kamba, na baiskeli imeegemezwa kando yake. Mume wake, Baba Kulwa, alikuwa amechuchumaa, anatazama chini.

"Shemeji, hilo sanduku?" nikauliza.

"La mama watoto. Tunangoja mkutano tu."

"Usilifunge kwenye baiskeli kwanza. Nakuomba."

"Ndugu zangu wameshasema, Bwana Karatasi. Mimi nitasema nini? Imeandikwa."

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la kijiji. Mama Kulwa alikuwa amebebwa, wamemlaza kwenye mkeka pembeni, kanga usoni kwa sababu ya jua. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analima kuliko wote, na alikuwa anadaiwa shamba lilimwe. Aliponiona akafurahi kweli.

"Ndugu wananchi! Bwana Karatasi huyu hapa, mwenye bango lake. Jamani, ukipimwa huna kitu?"

"Shika jembe utapona!" Mkutano mzima ukaitikia, na kicheko juu. Mpaka watoto.

Nikasimama. Safari hii suruali ilikuwa yangu.

"Ndugu zangu, huo mstari nani kaandika?"

"Serikali!"

"Hapana. Mimi."

"Wewe si ndiyo serikali?" mmoja akadakia, wakacheka tena.

"Serikali iliandika ya juu. Malaria, safura, malale. Daktari akatia sahihi. Chini ikabaki nafasi, kiganja hiki. Mimi sipendi nafasi tupu, nikachora jembe na kuandika maneno ya kuchekesha. Daktari hakuyaona. Mnajua nimesoma mpaka la ngapi?"

Wakatazamana.

"La sita na nusu. Ndugu zangu, kwa misimu yote hii mmekuwa mkitibiwa na mtu wa la sita na nusu."

Walianza kucheka, na mimi mwenyewe nikacheka kidogo, ndiyo mazoea. Halafu kicheko kikaanza kufa, upande huu, upande ule, kadiri walivyogeuka kuutazama mkeka.

Mama yake Baba Kulwa, mama mkwe mwenyewe, akainuka kwa fimbo yake.

"Ngoja mwanangu. Unasema tumemcheka mtu mgonjwa miaka miwili kwa sababu ya nafasi iliyobaki kwenye karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Na tulivyosomewa wiki ile kwamba asiitwe mvivu, halafu mbuzi wakala?"

"Hilo ndilo la daktari. Mbuzi walilila kwa ajili ya muhogo, lakini la zamani lilikuwa chini yake kwa sababu sikulitoa. Ilitakiwa kazi ya mchana mzima, mimi nikakimbilia lori. Kama mnatafuta mvivu wa kuandikwa leo, Ndugu Mwenyekiti, mvivu yupo, amesimama mbele yenu."

Mwenyekiti alivua kofia yake akaishika mkononi. Nikasoma bango jipya tangu juu mpaka chini, kisha nikamwomba Mwenyekiti naye awaeleze watu kwa maneno yake, kama tulivyokuwa tunamfanyia bibi wa Gongoni. Alieleza vizuri. Alipofika kwenye "hatujui sababu" alisita, akanitazama, nikamwambia, "Sema tu, Mganga Mkuu wa mkoa mzima kasema." Akasema.

Kwenye mkeka kanga ikasogea.

"Bwana Karatasi."

Nikaenda nikapiga magoti. "Nisamehe, mama."

"La sita na nusu?" Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Ndiyo mama."

"Hiyo nusu ndiyo iliyoniua." Akafumba macho. Mdomo wake ulikuwa unatabasamu, kidogo tu, lakini niliuona, na nimeishi na tabasamu lile mpaka leo.

Mchana wote tulichemsha maji. Mwenyekiti aliniletea panga la kusaidia, dresa akaleta vitambaa, na lile bango likatoka, kipande kwa kipande, jembe likiwa la mwisho. Mabaki ya kweli yakaingia kwenye mfuko. Nilipopita jioni kuaga, sanduku la bati lilikuwa limerudi ndani na kamba yake imefungwa uani, imeanikwa kanga juu yake.

Mama Kulwa hakupona. Nawaambia wazi, kwa sababu kwenye kazi yetu uongo mtamu ndio uliotuponza. Kijiji kilimpa kazi ya kukaa, kubangua karanga za mbegu na kutia alama ya waliofika shambani, kwa siku anazoweza. Alikuwa na siku nzuri na siku mbaya. Lakini alibaki na watoto wake.

Mimi nilipewa adhabu ya kutembea kuta zote za mkoa kulikokuwa na jembe langu. Zilinichukua masika na kiangazi. Na ndani ya adhabu hiyo nikapata bahati yangu kubwa kazini. Kila bango la uchovu lilipoandikwa upya, nilianza kulisomea kwa Mama Kulwa kabla ya stensili. Mara ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mbona hamjaandika kesho yake?"

"Kesho yake ya nini?"

"Leo wananiona nateka maji nacheka, wanasema amepona. Hawaji kesho. Mimi silipi leo, nalipa kesho na kesho kutwa. Andikeni hivyo. Na andikeni kwamba naanza kusema neno, katikati linanipotea."

Nikampelekea Mganga Mkuu. Akasoma, akauliza nani kasema, nikamwambia. Akachukua kalamu akayaingiza yote mawili kwa mkono wake, akatia sahihi. Tangu hapo kila alipohamishwa Mganga Mkuu mmoja akaja mwingine, na nimehudumu chini ya wengi, nilimwambia mpya siku ya kwanza: mkuu, bango la uchovu tunalo, lakini kuna mtaalamu mmoja upande wa Puge lazima aulizwe. Hakuna aliyekataa.

Nilistaafu bila cheo kikubwa. Afisa wangu wa kwanza alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ofisini walinipa kanzu, saa ya ukutani, na ile skrepa yenyewe, mpini umekwisha kwa kushikwa. Nilikwenda kumuaga Mama Kulwa. Alikuwa mzee sasa, amekaa kivulini mwa nyumba yake, Doto anampikia.

"Hili lililopo ukutani sasa hivi," akaniuliza, "ni la kweli?"

"Ni la kweli kwa leo, mama."

"Basi utarudi."

"Nimestaafu, mama."

"Na skrepa umeirudisha?"

"Hapana. Wamenipa."

"Basi," akasema, kana kwamba mjadala umekwisha.

Nina mengi ya kushukuru. Namshukuru mzee yule mwenye miwani ya uzi aliyenipa kazi mara mbili, ya kwanza kwa mwandiko na ya pili kwa kosa. Nawashukuru wale waganga wakuu waliokubali kuandika hatujui. Nawashukuru hata mbuzi, maana bila wao ule uongo wangu ungekaa pale chini ya karatasi nzuri mpaka kesho. Siku hizi wajukuu wananionyesha kwenye simu dawa za kumaliza uchovu kwa siku saba. Nawauliza nani katia sahihi. Wananiona mzee msumbufu, nami nafurahi.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima presha kwenye zahanati moja hapa mjini, sitaitaja. Nikakaa kwenye benchi. Mbele yangu bango jipya, zuri, la rangi, na kwenye kona ya chini karatasi ya zamani imechungulia kidogo. Nikafungua mfuko wangu nikatoa skrepa.

Nesi mmoja, binti mdogo, akatoka mbio.

"Shikamoo babu! Babu, unafanya nini hapo?"

"Marahaba mjukuu wangu. Natoa la chini."

Akanitazama, akaitazama skrepa, akachungulia kona ile akaisoma. Kisha akaingia ndani. Nikadhani ameenda kuita mlinzi.

Akarudi na birika la maji ya moto.